Bosun wa Meli Kuukuu

Jina lake ninalijua, lakini sikuwahi kulitumia, na nikianza leo nitajiona namsema mtu mwingine. Tulimwita Bosun. Bosun ndiye mkuu wa mabaharia wa sitaha: anapokea maagizo ya maofisa asubuhi, halafu anayagawa kwetu, nani ashike brashi, nani apake winchi grisi, nani apande mlingotini. Wetu alikuwa Mfilipino, mfupi, mabega mapana, nywele zimeanza kuwa nyeupe juu ya masikio. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, mkataba baada ya mkataba, katika meli ileile ya mizigo. Sasa nalima kabichi na karoti hapa Gare, milimani Lushoto, na majirani wakinitania kwamba Msambaa alikwenda kutafuta nini baharini, jibu langu huishia kwa Bosun hata kama sikupanga kumtaja.

Meli yenyewe ilikuwa imezeeka. Ilishabadilishiwa jina mara kadhaa. Ukipitisha kiganja ubavuni, mbele kabisa, uliyahisi majina ya zamani chini ya rangi, herufi za kuchomelea zilizosagwa nusunusu. Mlango wa friji ya jikoni ulifungwa kwa kamba. Maji ya bomba asubuhi yalitoka mekundu, ukayaacha yatiririke mpaka yafanane na chai ya mkandaa, ndipo ukanawa uso. Vitanda vilikuwa na mashimo ya miili ya watu waliolala kabla yetu, na kila mgeni alitumia wiki zake za kwanza kutafuta namna ya kulala ndani ya umbo la mtu asiyemjua.

Kazi ya Bosun katika meli ile, ukitaka kuitaja kwa neno moja, ilikuwa kutu. Aliamka kabla yetu, akala wali na samaki mkavu, akachukua kikombe chake cha kahawa, akaizunguka sitaha peke yake. Mfuko wa nyuma wa ovaroli ulikuwa na nyundo ndogo. Alikwenda akigonga: reli, bomba, ngazi, mfuniko wa ngama, lile tumbo la mizigo. Aligonga, akasikiliza, akapiga hatua. Chuma kizima kililia vizuri. Chuma kilicholiwa kilijibu kama kibuyu kilichopasuka. Tulipomaliza kifungua kinywa alikuwa ameshajua tutashinda wapi siku hiyo. Tuligonga kutu kwa nyundo, tukaikwangua kwa brashi za waya, tukapaka rangi nyekundu ya chini, kisha rangi yenyewe. Tukianzia mbele na kufika nyuma, kule mbele kulikuwa kumeshaanza kuvimba tena.

Siku moja, katika miezi yangu ya mwanzo, nilichoka nikamuuliza.

"Bosun, tunamaliza lini?"

"Kumaliza nini?"

"Kutu."

Alinitazama kama niliyemuuliza tutamaliza lini kula.

"Taratibu," akasema, "lakini leo."

Hilo lilikuwa neno lake la kila kitu. Mtu akiharakisha kamba wakati wa kufunga gatini, taratibu, lakini leo. Mtu akizembea na ufagio, taratibu, lakini leo. Hata mpishi alipochelewesha chakula, Bosun aliinamia dirisha la jiko akalisema hilohilo, na mpishi akacheka badala ya kununa.

Hakupandisha sauti. Katikati ya kelele za mitambo na upepo, ukitaka kumsikia ilibidi umsogelee, na ukishamsogelea huwezi kujifanya hukusikia. Mengine aliyasema kwa uso. Kitu kilicho upande wa kushoto alikuonyesha kwa kuchomoza midomo. Kwetu, ukimwonyesha mtu kitu kwa mdomo namna ile, mama yangu angekuzaba kofi, kwa hiyo siku za mwanzo nilidhani ananidharau. "Ndiyo" yake ilikuwa kuinua nyusi. Tuliletewa ofisa mmoja kijana, akamuuliza swali mara tatu, Bosun akamjibu mara tatu kwa nyusi, na yule kijana akaenda kushtaki kwa nahodha kwamba bosun hasemi naye. Nahodha, aliyekuwa mtu mzima na mwenye subira, alimwambia: "Amekujibu. Mtazame."

Kuhusu usalama alikuwa mkali. Usingepita mbele yake bila kofia ngumu na viatu vya kazi; angekurudisha chumbani hata kama mnasubiriwa. Lakini mwenyewe alitembea na kandambili siku nzima, akavaa viatu wakaguzi wa bandari walipoanza kupanda ngazi tu. Tulipomcheka alisema miguu yake inaijua meli na meli inaijua miguu yake, sisi bado wageni. Hatukuridhika na jibu hilo, ila hakuna aliyewahi kumwona akiteleza.

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba hakujua kuogelea. Nililigundua katika ghuba moja tulivu tulikotia nanga kusubiri nafasi ya gati. Nahodha alituruhusu kujitosa. Mimi nilijifunza kuogelea ukubwani, kwa aibu, Tanga, maana huku milimani maji ni ya kuvuka na kunywa. Nikamwita Bosun, akatikisa kichwa. Nilidhani anatania.

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

"Na huogopi?"

"Naogopa kila siku," akasema, huku akikagua fundo la ngazi ya kamba tuliyoshukia. "Ndiyo maana bolti zangu zinakaza."

Mimi ni Mkatoliki, nimekua nikisikia kengele ya misheni kutoka kitandani, na yeye pia alikuwa Mkatoliki. Juu ya kitanda chake kulikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyofungwa kwa waya isianguke meli ikiyumba, na rozari yake ilikaa mfuko mmoja na misumari. Basi nilitegemea kwamba tukifika bandarini Jumapili tutakwenda misa pamoja. Hakwenda hata mara moja. Alilala. Nikamuuliza kama si dhambi.

"Mungu ananiona kila siku," akasema. "Kitanda kisichotikisika mimi nakiona mara mojamoja."

Lakini mtu huyo asiyekwenda misa ndiye aliyebadilisha ratiba yote ya kazi kwa ajili ya mwenzetu mmoja Mwislamu, kutoka Pemba, mwezi wa Ramadhani ulipoingia. Kwa mwezi mzima yule Mpemba hakugonga kutu juani. Alipewa kushona maturubai kivulini na kupanga stoo. Bosun hakueleza sababu, na hakuna aliyeuliza. Siku ya Idi akamletea sahani ya tambi aliyoipika mwenyewe, tambi mbaya sana, na Mpemba akaila yote.

Urafiki wetu ulianza kwa mboga. Nyuma ya dohani, mahali penye joto na pasipofikiwa na maji ya chumvi, Bosun alikuwa amepanga ndoo tupu za rangi, amezitia udongo aliouomba bandari mbalimbali, amepanda pilipili na mboga ya kwao ya majani inayofanana na matembele. Alizipenda mno akaziharibu: alizimwagilia saa sita mchana, majani yakaungua. Nilimvumilia wiki moja, kisha nikashindwa.

"Bosun, unazichemsha hizo."

Akaniuliza mimi najua nini. Nikamwambia najua hilo tu, maana kwetu tunalima kwenye matuta milimani, na kwetu kuna baridi, kuna ukungu, watu wanaota moto jioni na kuvaa makoti.

"Afrika? Baridi?"

"Afrika. Baridi."

Hakuamini. Nilimwonyesha picha kwenye simu: bonde letu la Gare limejaa ukungu, mama yangu amejifunga blanketi juu ya kitenge. Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kuanzia siku hiyo ndoo zikawa zangu asubuhi na zake jioni, na jina langu likawa Mlima. "Mlima, shika kamba." "Mlima, njoo ule." Maofisa wapya walidhani ndilo jina langu la kwenye pasipoti.

Sasa niseme habari za ukuta mweupe. Katika meli ile yote, palikuwa na mahali pamoja pazuri: kipande cha ukuta karibu na ngazi ya kuelekea chumba cha usukani, kisichozidi upana wa mlango. Bosun alikipaka rangi nyeupe mwenyewe, na kilipoanza tu kutoa doa alikipaka tena. Mwanzoni sikuelewa kwa nini, maana hakuna mkaguzi anayepita pale. Halafu nikamwona siku tulipopata mtandao karibu na nchi kavu. Alioga, akachana nywele, akavaa shati la kola, akasimama mbele ya ukuta ule akapiga simu nyumbani kwa video. Mke na watoto wake walimwona amesimama kwenye meli nyeupe, safi, inayong'aa. Aliwaambia meli ni nzuri. Aliwaambia chakula ni kizuri, kazi ni nyepesi, anapumzika sana. Mtu huyo hakuwahi kunidanganya mimi kwa lolote, na angeweza kumrudisha mtu kupaka upya sehemu ambayo hakuna atakayeiona maisha yake yote. Nilipomtazama alijua ninachowaza.

"Wakijua watafanya nini?" akaniuliza. "Watalala vibaya tu."

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa mchana, tukiwa na shehena ya mchele, nchi kavu iko mbali. Tulikuwa wawili katika kichumba cha pampu kule mbele, chini ya sitaha, mahali unapoingia umeinama. Bosun alikuwa anagonga bomba nene linalopitisha maji ya bahari. Aligonga, akasikiliza, akagonga tena, na nyundo ikaingia. Ilizama ndani ya bomba kama kijiko kwenye uji. Alipoichomoa maji yakamrukia kifuani kwa nguvu ya kumsukuma mtu, na tundu likaendelea kumeguka mbele ya macho yetu.

Vali ya kuyafunga maji yale ilikuwa imeganda; tulining'inia wote wawili kwenye gurudumu lake, lisisogee. Bosun akafungua kitambaa cha jasho shingoni, akakisokomeza tunduni, akageuka akakikandamiza kwa mgongo. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku.

"Mlima, nenda juu. Mwambie nahodha apunguze mwendo. Halafu mbao, kabari, saruji, na soda ya kufulia. Yote."

Niliporudi maji yalikuwa yamefika magotini. Mwenzetu wa Pemba alikuwa mlangoni akipokea na kupitisha vitu. Tulitengeneza sanduku la mbao kuzunguka bomba, tukalikaza kwa kabari, tukaweka kijibomba pembeni ili maji yapate njia ya kupita wakati tunajaza. Kisha saruji, iliyochanganywa na soda ili iwahi kushika. Ubao mmoja ulikataa kukaa. Kila tulipouachia ulisukumwa. Bosun akasema yeye ndiye atakuwa kabari. Akaweka mgongo pale, miguu akaikita ukutani upande wa pili, akaniambia nimimine.

Saruji haisikii haraka ya mtu. Tulikaa. Mimi nachota maji kwa ndoo na kumpa Mpemba, Bosun hajisogezi. Bosun alikuwa anaimba polepole, wimbo wa kwao wa mapenzi. Alipoumaliza akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Leo binti yangu wa pili anaolewa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Leo?"

"Saa hizi wanakata keki."

"Bosun, kwa nini hukuomba ruhusa?"

"Mkataba unaisha mwezi wa tano," akasema. "Bwana harusi alitaka sasa. Ni kijana mzuri."

Akaendelea na wimbo mwingine. Maji yalifika kiunoni, yakasimama hapo, halafu tukaona yanapungua. Saruji ilikuwa imeshika. Tulimvuta Bosun kwa mikono kwa sababu mgongo ulikuwa umekakamaa, na tulipomvua ovaroli ulikuwa na alama ya ubao kutoka bega hadi bega. Nahodha alishuka mwenyewe akampa mkono. Jioni, tulipoukaribia mtandao wa kisiwa fulani, nilimwona ameshaoga, amechana nywele, shati la kola, ukuta mweupe. Alikuwa anaongea na bibi harusi. Kimombo cha melini tulikijua wote, na lugha yao nilikuwa nimeokota maneno. Niliyaelewa yale aliyomwambia mwisho: leo kazi ilikuwa nyepesi.

Mimi niliacha bahari baba yangu alipofariki na shamba likakosa mtu. Bosun alinisindikiza hadi kwenye ngazi ya meli, akanipa mkono, akainua nyusi. Baada ya hapo zilikuwa salamu za simu, mara za Krismasi, mara picha ya pilipili. Kisha zikapungua, kama inavyokuwa.

Mwaka jana, wakati wa mvua za vuli, simu ikaita kwa namba ya hapahapa nchini.

"Mlima! Niko Tanga."

Alikuwa na meli nyingine, na nilipomuuliza hali yake alicheka tu. Mvua ilikuwa imesimamisha upakuaji, na nahodha wao alimpa ruhusa hadi kesho yake. Nilishuka Mombo kumpokea. Aliteremka kwenye basi la Tanga amezeeka, nywele zote nyeupe, mfuko mdogo begani. Tukapanda gari la Lushoto. Baharini mtu huyo nilimwona akila wali kwa utulivu wakati sahani zinateleza mezani na sisi wengine tumekumbatia ndoo. Kabla hatujafika katikati ya kona za kupanda alimwomba dereva asimame, akatapikia maporomoko. Abiria wakampa maji na limau. "Mzee hajazoea safari," mama mmoja akanisikitikia.

Nyumbani mama alikuwa barazani. Nilikuwa nimemfundisha Bosun njiani, akakamata mikono ya mama kwa mikono yake miwili, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, na hakuona ajabu kuwa mwanawe huyu ana mvi. Halafu Neema, binti yetu mdogo, akaja kumsalimu mgeni, na Bosun, kwa furaha, akamwahi: "Shikamoo!" Neema alikimbilia jikoni anacheka hadi anakosa pumzi. Jirani aliyekuwa anapita alimwita "mghoshi", kwa heshima tunayowapa wanaume wakubwa huku, na Bosun aliomba alirudie neno hilo mpaka alipolishika. Mke wangu alipika wali kwa ajili ya mgeni, lakini Bosun aliona bada, ugali wetu wa muhogo, mbele ya mama akaomba naye amegewe. Aliitafuna, jambo ambalo halifanyiki kwa bada, na mama akamwonyesha kwa koo lake namna ya kumeza.

Alasiri tulikaa nje. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unafunika tuta moja baada ya jingine. Hapo ndipo aliponiambia kwamba mkewe alifariki, yeye akiwa baharini, akafika nyumbani maua ya kaburini yameshakauka. Alikaa kidogo akarudi kazini. Sasa kampuni ilikuwa imemwambia kuwa umri umefika. Desemba angeshuka, na asingepanda tena.

"Nilikuja kukuuliza kitu," akasema. "Wewe uliporudi, ulikaaje?"

Nilimwambia ukweli: kwamba siku za mwanzo nililala vibaya kwa sababu nyumba ilikuwa imetulia mno. Kwamba mtoto wangu mkubwa alinikaribisha kiti kama anavyomkaribisha mgeni. Mke wangu alikuwa anachambua mchicha pembeni, akauliza tunasema nini, nikamtafsiria.

"Mwambie na mimi niseme," akasema. "Huyu Baba Neema alikuwa anaamka kabla ya jogoo anazunguka nyumba anatafuta wa kumtuma. Nilimwambia hapa hakuna mabaharia. Kaa. Usipangue vyombo vyangu. Ukitaka kazi, omba. Akajifunza kuomba. Mwambie rafiki yako aombe tu, watampa."

Nilitafsiri neno kwa neno. Bosun alicheka, akapangusa macho. Kisha akatoa simu, akatafuta mahali penye mtandao karibu na ua wa mipeasi, akampigia kwa video binti yake mkubwa, anayeishi katika nyumba iliyojengwa na Bosun. Alizungumza kwa kifupi, macho yake yakiwa chini. Baadaye alinieleza alichomuuliza: kama akija kukaa, chumba kipo?

Binti hakujibu kwa maneno. Tulimwona kwenye kioo anatembea na simu ndani ya nyumba, akipita sebule, akipita watoto, akafungua mlango. Kilikuwa chumba chenye dirisha zuri, na kimejaa maboksi hadi karibu na dari. Bosun aliyatambua kwa mwandiko wake mwenyewe ubavuni. Ni yale ambayo mabaharia wa kwao hutuma nyumbani kutoka kila bandari, yenye sabuni, mataulo, sufuria, viatu, chokoleti, na mengi kati ya hayo yalikuwa hayajafunguliwa, gundi yake bado imekaza.

Binti akasema kitu. Bosun akanigeukia akanitafsiria polepole.

"Ni ya miaka ya mwisho ya mama yao. Anasema aliyazuia yasifunguliwe. Alisema nitayafungua mimi mwenyewe nikija."

Binti akasema watayatoa, watapanga kitanda, asiwe na wasiwasi.

"Msiyaguse," Bosun akasema. "Desemba nakuja kuyafungua."

Mtandao ukakatika. Mke wangu aliniuliza wamesemaje, nikamweleza. Aliweka mchicha chini, akaingia jikoni, akarudi na birika. Bosun alikinga kikombe kwa mikono miwili, akaomba sukari kidogo zaidi.